Anwani Tano, Dirisha Moja

Haya wandugu, leo tuongee kuhusu barua pepe. Najua wengine mshaanza kuguna: "Barua pepe tena, zama hizi za WhatsApp?" Ndiyo, barua pepe! Ukiomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, unajisajili kwa barua pepe. Ukiomba ufadhili wa masomo au ukimpelekea mhariri makala, ni barua pepe. Hata simu ya Android uliyoinunua pale Musoma mjini inakuuliza anwani kabla hujaanza kuifaidi.

Matokeo yake? Kijana mmoja ana anwani tano. Kuna ya Yahoo aliyoifungua enzi za intaneti kafe, ya Gmail, ya chuo, ya ofisini, na ile aliyofunguliwa na fundi simu, ambayo neno lake la siri analijua fundi peke yake! Halafu barua ya kuitwa kwenye usaili inaangukia kwenye ile asiyoifungua. Kwa kijana wa Kiriba, Bunda au Butiama anayetakiwa kutafuta nauli ya kwenda Dodoma, kuchelewa kuisoma kwa siku mbili tu ni kuikosa kazi.

Ndiyo maana naunga mkono kusoma barua zote mahali pamoja. Ila hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi: kusoma pamoja si kuhifadhi pamoja.

Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa gigabaiti 1 bure, wakati Hotmail ikitoa megabaiti 2 tu. Watu wakahamia huko, na wengi wakaamuru barua za anwani zao za zamani zijipeleke zenyewe kwenye ile mpya. Raha tupu. Lakini tarehe 1 Januari 2021 Yahoo ikawafungia wasiolipia huduma hiyo ya kupeleka barua kwingine. Mwaka 2025 Google nayo ikatangaza kwamba kuanzia 2026 Gmail itaanza kuacha kuchota barua za kampuni nyingine kwa njia ya POP. Mnaona? Mrija si wako. Mwenye nao akiamua kuukata, anaukata.

Na hata usipokatwa, kuna hatari nyingine. Jina la kata ya Kiriba, kule Musoma Vijijini, hunikumbusha kile kiriba cha ngozi cha kubebea maji. Kiriba kimoja ni rahisi kubeba, lakini kikitoboka unabaki na kiu. Mwizi wa neno moja la siri anaondoka na barua zako zote.

Mimi napendekeza njia ya zamani, IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 akiwa Stanford. Kila barua inabaki nyumbani kwake, iwe Yahoo, Google au ofisini, na simu yako inakuwa dirisha tu la kuchungulia. Programu ya Gmail kwenye simu inakuruhusu kuweka anwani kadhaa na kuzisoma pamoja. Thunderbird, iliyotoka kwa ajili ya simu za Android Oktoba 2024, inafanya vivyo hivyo. Simu ikidumbukia ziwani, barua hazijazama nayo.

Ila usimpe kila mgeni ufunguo! Mwaka 2017 ilibainika kwamba kampuni iliyomiliki Unroll.me, huduma ya bure ya kupunguza matangazo kwenye barua pepe, ilichota taarifa kwenye risiti za watumiaji na kuiuzia Uber, ingawa bila majina yao. Cha bure kina mlipaji, ndugu zangu.

Sisi waandishi tuna la ziada. Sanduku la ofisini ni mali ya ofisi. Mtu aliyekuamini akakuandikia siri kwenye anwani yako binafsi, ukimjibu kwa anwani ya ofisi umeshamtaja. Dirisha moja hurahisisha kosa hilo, kwa hiyo soma mstari wa "Kutoka" kabla hujatuma. Na anwani ya mambo nyeti ibaki nje kabisa ya dirisha hilo.

Mwisho, kumbukeni kwamba sanduku lisilofunguliwa hufa. Tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa. Yahoo husubiri miezi 12 tu. Angalieni pia namba ya simu mliyoandikisha humo. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na anayetegemea namba iliyokufa akisahau neno la siri anabaki nje ya nyumba yake mwenyewe.

Basi wiki hii chukua karatasi, orodhesha anwani zako zote. Unazozitumia, ziweke kwenye dirisha moja, kila moja na neno lake la siri. Usiyoihitaji, waage watu kisha uifunge kwa mkono wako, kabla hajaifungua mwingine.

Ni hayo tu kwa leo. Au nyie mnaonaje?