Wimbo wa Kufungulia: Tuubadilishe ao Tuuache?



Siku ya posho iliyopita, kisha mchezo wa teatre, mabishano yalianza. Wengine walitaka tubadilishe wimbo wetu wa kufungulia. Wengine walikasirika: "Juu ya nini? Ile wimbo ni ya bakubwa betu, tuiache!" Sisi wa mwaka wa sita tulisikiliza pande zote mbili. Mbele ya kujibu, tuangalie kwanza Marekani, maana watu wa televizyo kule wamekutana na neno hili mara nyingi.

Munajua michezo ya kuchekesha ya televizyo: watu ni wale wale, nyumba ni ile ile, kila juma kisa kipya. Wimbo wa kufungulia ni kengele yake. Mama akiusikia anaacha sufuria na kukimbia kuketi. Sasa, kama ni kengele, juu ya nini wanaibadilisha?

Sababu ya kwanza ni wimbo wa kuazima. Mchezo Happy Days ulianza mwaka wa 1974, ukionyesha vijana wa mji wa Milwaukee katika miaka ya 1950. Walifungua na Rock Around the Clock wa Bill Haley, wimbo wa miaka ile yenyewe, na watazamaji walielewa mara moja kwamba ni mambo ya zamani. Lakini wimbo wa kuazima una mwenyewe, na mwenyewe hulipwa feza. Katika mwaka wa tatu wa mchezo, 1975, walianza kufungua na wimbo wao wenyewe, ule waliokuwa wakifungia nao. Mtoto aliyekomaa anavaa koti lake, si la kaka yake.

Sababu ya pili ni watu kubadilika. A Different World (1987 mpaka 1993) ulionyesha wanafunzi weusi wa chuo kikuu. Kisha mwaka wa kwanza, mchezaji mkubwa Lisa Bonet alitoka, na Debbie Allen akashika uongozi. Wimbo ulibaki ule ule, lakini sauti ya Phoebe Snow iliacha nafasi kwa Aretha Franklin, na katika mwaka wa mwisho kwa vijana wa Boyz II Men. Ni kama masomo yetu: wanafunzi wanaingia na kutoka, nyumba inabaki.

Sababu ya tatu ndiyo iliyotugusa zaidi. Gilligan's Island, ulioanza mwaka wa 1964, ni habari ya watu saba waliotupwa kisiwani kisha chombo chao kuvunjika. Wimbo wa mwaka wa kwanza uliwataja watano tu. Mwalimu mmoja na msichana Mary Ann waliwekwa pamoja kama mabaki, pasipo kutajwa. Lakini kila juma walikuwa kisiwani na kufanya kazi kama wengine! Bob Denver, aliyecheza Gilligan mwenyewe, aliwaombea wenzake. Tangu mwaka wa pili, 1965, wote saba walitajwa. Angalieni vizuri: aliyeomba ni yule ambaye jina lake lilikuwa juu ya mchezo. Yeye hakukosa kitu, lakini aliona wenzake wamekosa.

Basi mawazo yetu ni haya. Kubadilisha kwa kufuata mtindo tu hakufai. Watu watasikia kengele ngeni na kupotea. Lakini wimbo usiosema kweli juu ya watu waliomo, inaomba tuutengeneze.

Na wimbo wetu? Unaita "vijana wanaume wa masomo haya", kwa sababu ulitungwa wakati wasichana hawajakubaliwa hapa. Leo wasichana wanacheza, wanashona mavazi, wanaimba sauti ya kwanza, kisha wanapashwa kuimba wimbo usiowahesabu. Wakubwa wetu hawakukosa; waliimba juu ya watu waliowaona. Tukiwaheshimu kweli, tufanye vilevile.

Tunaomba kikundi kiache sauti yote ya wimbo kama ilivyo, kibadilishe mstari ule mmoja tu mbele ya sikukuu ya kufunga mwaka. Na sisi wavulana ndio tupashwao kuomba kwanza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita