Sema Kabla Upawa Haujaingia Sufuriani

Na Zuhura Mpili

Nyamwage ni njiapanda. Ukitoka Dar es Salaam na kuvuka Daraja la Mkapa, hapo ndipo anayekwenda Utete anapoagana na wa Lindi na Mtwara. Penye njiapanda hapakosi chakula, na wengi tunaotafuta riziki kwenye barabara hii, madereva wa malori, makondakta, vijana wa bodaboda, wachuuzi wa samaki, mlo wa mchana tunaula kibandani. Mtu wa namna hii ukimwambia apunguze mwili kwa kupika mwenyewe, hujamsaidia. Msaidie pale pale anapokula, kwa mama lishe.

Na pale chakula cha kumfaa kipo. Bonde la Rufiji lina kambare na perege, lina kisamvu na matembele, na msimu ukifika maembe yanajaa. Kinachotuponza ni tunavyoagiza.

Tuanze na zege. Simama karibu na karai utazame. Viazi vinazama kwenye mafuta mpaka viive, vinaopolewa, kisha vinarudishwa kwenye kikaango chenye mafuta mengine na kumwagiwa mayai. Vimekaangwa mara mbili, na mafuta ndiyo yenye nishati nyingi kuliko kitu chochote tunachokula: gramu moja hubeba zaidi ya maradufu ya gramu moja ya wanga. Anayekaa kwenye usukani kutwa haitumii nishati hiyo, inabaki kiunoni. Mayai hayohayo yakichemshwa, pamoja na muhogo wa kuchemsha na kachumbari, yanashibisha vilevile.

Ukija kwenye wali, sisi watu wa Rufiji hatuwezi kuambiwa tuuache, na sidhani kama kuna haja. Tazama tu unavyopakuliwa: wali umejaa sahani, maharage upawa mmoja, mboga imebanwa pembeni. Ugeuze mpango. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wali au ugali, robo samaki au maharage. Samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi.

Ila useme mapema. Sahani ikishafika mezani umechelewa, kwa sababu umelipia, na kwetu kuacha chakula ni israfu. Utamaliza hata kama umeshiba. Basi kabla upawa haujaingia sufuriani, sema: "Mama, nipunguzie wali, niongezee matembele." Hujamwomba akupunguzie bei, wala wewe hujapunjwa. Umebadilishana tu.

Kinywaji nacho kinahesabiwa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takribani gramu 35 za sukari, yaani vijiko vinane au tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akiweza abaki chini ya 25. Soda moja imeshavuka hicho kipimo cha pili, na bado hujanywa chai ya jioni. Agiza maji. Ukipata dafu, lina sukari pia, lakini kwa kipimo kilekile haifiki nusu ya ile ya soda.

Wapo watakaosema unene ni neema, na kwamba anayekonda ana shida. Mimi nawaheshimu wazee waliotulea na maneno hayo, lakini hali imebadilika. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Miaka kumi na moja kabla yake walikuwa 18. Nyuma ya uzito huo kuna shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayomtaka mtu kliniki na dawa miaka yote.

Mama lishe naye ana nafasi kubwa hapa. Anapika kinachoagizwa. Wateja watano wakiomba mboga zaidi leo, kesho atachuma fungu la pili. Halmashauri za Rufiji na Kibiti, zinapowaita mama lishe kuwaelekeza usafi, ziwaelekeze pia kupunguza mafuta na chumvi. Lakini tusisubiri semina. Mteja ndiye anayepanga sufuria ya kesho, na anaipanga kwa anachoagiza leo.