Nani Hasa Aliyesamehewa?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri zoezi ambalo nililidhania kuwa jepesi. Kila mmoja achague habari ya michezo iliyoandikwa kwa Kiingereza, aitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha aisome mbele ya wenzake. Kijana mmoja, mpenzi mkubwa wa mpira wa vikapu, alileta makala iliyokumbusha jinsi klabu ya Dallas Mavericks ya Marekani ilivyoachana na mchezaji wake mkongwe Michael Finley mnamo Agosti 2005. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Klabu ilimsamehe Finley ili kupunguza gharama." Kabla sijafungua kinywa, msichana aliyeketi safu ya nyuma akauliza, "Kwani alikuwa amekosa nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa maana swali lile halikuwa la mzaha, na nimekuwa nikilitafakari tangu siku hiyo.

Finley alifika Dallas Desemba 1996 akitoka Phoenix. Wakati huo klabu hiyo ilikuwa mnyonge wa ligi. Msimu ule ilishinda mechi 24 kati ya 82. Kijana huyo akacheza kama mtu asiyejua kuchoka, hata ikawa zaidi ya msimu mmoja yeye ndiye aliyekaa uwanjani dakika nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika ligi nzima. Mwaka 2000 na 2001 aliteuliwa kucheza katika mechi ya nyota wa ligi. Mwaka huo wa 2001, akiwa bega kwa bega na Steve Nash na Mjerumani Dirk Nowitzki, aliiwezesha Dallas kuingia mechi za mchujo kwa mara ya kwanza tangu 1990. Klabu ikamtunza kwa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 102.

Miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 32, mkataba huo ukawa mzigo. Ligi ya Marekani huwatoza wenye klabu kile kinachoitwa ushuru wa anasa. Jumla ya mishahara ikipita kiwango fulani, wakati huo kila dola ya ziada ilivuta dola nyingine ya ushuru. Mwaka 2005 wenye klabu na chama cha wachezaji walikubaliana juu ya mkataba mpya wa pamoja, na ndani yake mkawa na kifungu kilichoruhusu kila klabu, mara moja tu, kumwacha mchezaji mmoja. Klabu ingeendelea kumlipa mshahara wake wote, lakini mshahara huo usingehesabiwa katika ushuru. Finley alikuwa amebakiza misimu mitatu na takriban dola milioni 51. Dallas ikapiga hesabu, ikamwacha.

Kifungu hicho ndicho kilichopewa jina la msamaha. Na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kuingilia kati, hata kama hajui kurusha mpira kapuni (nami sijui).

Katika Kiingereza cha wanahabari wa michezo, nomino hiyo imegeuzwa kuwa kitenzi, na mchezaji akafanywa yambwa wake. Ni yeye anayetendewa msamaha. Kiswahili hakimezi jambo hilo kwa urahisi. Kiambishi cha yambwa kinasimama pale katikati ya kitenzi, waziwazi, kikimwonyesha kidole anayesamehewa: ilimsamehe. Msikilizaji akishasikia hiyo m-, ana haki ya kudai kosa litajwe. Ndiyo maana yule msichana aliuliza swali ambalo msomaji wa Kiingereza huenda alipita miaka mingi bila kuliuliza. Kosa la Finley lilikuwa lipi? Kuzeeka? Kukubali fedha alizopewa na watu waliomwomba azikubali?

Tukitaka kusema kweli, Kiswahili tayari kina msemo unaofaa kabisa. Tunasema mtu amesamehewa ushuru. Aliyesamehewa ushuru ni klabu. Finley hakusamehewa chochote; yeye ndiye aliyekuwa njia ya msamaha wa mwingine.

Wanaojua asili ya maneno wataongeza kwamba neno hilo la Kiingereza lilitoka katika Kigiriki, likiwa na maana ya kusahau. Kwa maana hiyo wenye ligi hawakukosea sana, kwani mshahara wake uliendelea kulipwa lakini ukasahauliwa katika daftari la ushuru. Kichekesho kingine ni kwamba watu walikibandika kifungu hicho jina la Allan Houston, mchezaji wa New York Knicks aliyekuwa na goti bovu na mkataba mnono, wakidhani yeye ndiye atakayeachwa kwanza. Knicks wakamwacha mwingine, Houston akastaafu mwenyewe Oktoba mwaka huo huo. Sheria ikabaki na jina la mtu ambaye haikumgusa.

Najua msomaji atasema nini: unamlilia tajiri. Sikatai. Finley hakulala njaa. Alikwenda San Antonio Spurs, jirani na hasimu wa Dallas, na mwaka 2007 akatwaa ubingwa nao. Wanafunzi wangu walikuwa wepesi kuniletea methali ya mbachao na msala upitao, nikawaambia wairudishe mfukoni, kwa sababu mwaka 2006 Dallas bila Finley iliwatoa hao hao San Antonio katika mechi saba na kufika fainali. Mwenye klabu, Mark Cuban, hakuwa mjinga, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mimi sigombani na hesabu. Nagombana na neno lililovishwa hesabu hiyo ili ionekane kuwa hisani.

Ninalo la kwangu pia. Mwaka 2000, nikiwa mwanafunzi, baba yangu aliletewa barua katika ofisi alimokuwa karani kwa miaka mingi. Aya ya kwanza ilimshukuru kwa utumishi wake, ya pili ikamwarifu kwamba wafanyakazi wanapunguzwa. Alinisomea barua ile mara mbili, kisha akaniuliza, "Kinachopunguzwa si sukari? Mtu naye hupunguzwa vipi?" Jioni majirani walipokuja kumjulia hali, aliwaambia bila kupepesa macho, "Nimemwaga unga." Hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Mambo hayo hayakuisha na Finley. Mwaka 2011 kifungu cha msamaha kilirudishwa, na safari hii klabu nyingine ziliweza kumgombania aliyeachwa kwa kutaja bei, kama mnadani. Ndivyo Chauncey Billups, mwenye umri wa miaka 35, alivyotoka New York akajikuta Los Angeles Clippers kwa takriban dola milioni mbili. Mwaka 2025 Milwaukee Bucks walimwacha Damian Lillard, miezi michache baada ya kukatika kano ya kisigino akiwachezea, na deni lake la takriban dola milioni 113 wakaligawa kwa miaka mitano. Hilo nalo huitwa kunyoosha. Nasubiri siku mwanafunzi wangu atakapoandika kwamba klabu ilimnyoosha mchezaji, na darasa lielewe kwamba alipigwa.

Kwa miaka mingi nimewakataza wanafunzi kutumia neno la kurasa zetu za michezo, kutema. Nililiona la kihuni. Mtu si ganda la muwa, nilikuwa nikisema. Sasa nimeanza kusitasita. Ganda la muwa hutemwa baada ya utamu kwisha, na anayetema hadai kwamba amelifanyia ganda wema.

Wiki iliyofuata kijana wangu alirudi na sentensi mpya: "Klabu ilisamehewa ushuru, Finley akatemwa." Aliniangalia kwa wasiwasi, akingoja kalamu nyekundu. Nilisahihisha koma moja katika aya ya pili, nikamrudishia karatasi yake.