TAHARIRI: Trela ya michezo nayo ina sheria na bima yake

Msimu wa mashindano ya kiangazi Ulaya ni msimu wa trela. Timu za wenzetu walioko Ubelgiji hubeba magoli, mahema, majiko na masufuria. Wengine hubeba pikipiki za mashindano au boti. Mipango ya safari hizo huzungumzwa sana katika Galerie d'Ixelles, ile njia ya maduka na saluni inayounganisha Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre katika mtaa wa Matonge, Brussels. Hapo watu hukubaliana nani ana gari, nani ana trela na nani atachangia mafuta. Suala la bima husahaulika.

Tunaona ni wakati wa kulisema wazi. Wengi huamini kwamba gari likishakatiwa bima, chochote kilichofungwa nyuma yake kimekatiwa pia. Imani hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayofilisi watu.

Nchini Ubelgiji mpaka ni kilo 750. Uzito unaohesabiwa si wa mzigo uliopakia siku hiyo, bali ni uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati cha trela. Trela isiyozidi kilo 750 hubeba namba ileile ya gari linaloivuta na hukingwa na bima ya gari hilo, lakini ni busara kuiarifu kampuni ya bima kabla ya safari. Trela inayozidi hapo lazima isajiliwe yenyewe, ipewe namba yake inayoanza na herufi Q, ipelekwe kwenye ukaguzi na ikatiwe bima yake. Msomaji wa Kenya hatashangaa, kwani kwao namba za trela huanza na Z.

Leseni nayo ina hesabu yake. Mwenye leseni ya daraja B anaruhusiwa kuvuta trela ya hadi kilo 750. Kwa trela nzito zaidi, uzito ulioandikwa wa gari na wa trela ukijumlishwa usizidi kilo 3,500. Tuseme gari ni kilo 1,900 na trela ya pikipiki ni kilo 1,200. Jumla ni 3,100, na dereva yuko salama. Lakini gari la kilo 2,000 likivuta trela ya farasi ya kilo 2,000, jumla ni 4,000, na leseni ya B peke yake haitoshi. Hapo inatakiwa alama 96, inayofikia kilo 4,250, au leseni ya BE.

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Novemba 1989 inalazimisha bima ya madhara kwa watu wengine. Trela isiyo na bima ikimgonga mtu, mfuko wa dhamana wa nchi hiyo unaweza kumlipa aliyeumizwa, kisha ukamgeukia mwenye kosa na kumdai fedha hizo. Mguu uliovunjika wa mtoto wa jirani unaweza kuwa deni la miaka mingi. Aidha, bima hiyo ya lazima hailipii trela yenyewe wala vifaa vilivyomo. Magoli yakivunjika au pikipiki ikiibiwa, hasara ni ya klabu, isipokuwa kama imenunua bima ya ziada.

Tatizo kubwa zaidi ni kuazimana. Trela ni ya fulani, gari ni la mwingine, dereva ni wa tatu, na klabu yenyewe mara nyingi haijaandikishwa popote. Ajali ikitokea kila mmoja humtazama mwenzake, na anayebaki na barua za madai ni yule mwenye jina kwenye karatasi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa timu, kabla ya kununua jezi mpya, walipe bima kwanza. Wateue mtu mmoja wa kusoma kibati cha trela, kukagua leseni ya dereva na kupata jibu la kampuni ya bima kwa maandishi. Na wenye maduka pale Galerie d'Ixelles wanaobandika matangazo ya mechi kwenye vioo vyao wangetusaidia sana kubandika pembeni karatasi moja yenye mambo haya.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Michezo inatukutanisha ugenini. Isiwe sababu ya kututia kwenye madeni.