Acheni Sura ya Trifon Ivanov

Ile picha imerudi tena. Hurudi kila baada ya miezi kadhaa, sanasana ligi zikiwa mapumzikoni na wasee hawana mechi ya kubishania. Jamaa amevaa jezi ya Bulgaria, nywele fupi mbele na ndefu shingoni, ndevu hazijui kitana, macho yamezama kama ya mtu ambaye hajalala tangu juzi. Juu ya picha wameandika: wachezaji wenye sura mbaya zaidi katika historia ya soka. Chini yake ni kicheko tu. Mmoja anasema huyu ukikutana naye gizani unampa simu kabla hajaitisha. Mwingine anauliza kama ni mchezaji ama ni mlinzi wa klabu. Anayejua jina lake hayupo.

Jina lake ni Trifon Ivanov. Alikuwa beki wa kati. Na mimi huo mchezo umenichosha.

Utani wa sura si mgeni kwetu. Mtaani kila mtu ana jina alilobandikwa kwa sababu ya kichwa, meno au mwendo wake, na maisha yanaendelea. Lakini anayekuita Kichwa mtaani anakujua. Anamjua mama yako, anajua unauza nini, anakumbuka siku uliyomkopesha mia mbili. Jina la utani limekaa juu ya mtu mzima. Trifon hana huyo mtu mzima wa kumbeba. Kwa kizazi chetu amebaki ndevu na macho, na kila alichofanya uwanjani kimefagiliwa kando. Huo ndio wizi ninaoukataa.

Basi tuanze na kazi. Trifon alizaliwa Veliko Tarnovo, kaskazini mwa Bulgaria, Julai 1965. Mji huo uliwahi kuwa makao ya wafalme wa Bulgaria katika zama za kati, lakini kwa mambo ya soka nguvu zote zilikuwa Sofia. Alianza na klabu ya nyumbani, Etar, na mwaka 1988 akachukuliwa na CSKA Sofia, klabu ya jeshi. Kocha alikuwa Dimitar Penev, na mbele kulikuwa na kijana mkorofi anaitwa Hristo Stoichkov. Msimu huohuo walifika nusu fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, wakatolewa na Barcelona ya Johan Cruyff.

Novemba 1989 Todor Zhivkov, aliyeishika nchi kwa zaidi ya miaka 30, akang'olewa madarakani. Milango ikafunguka na kizazi kizima cha wachezaji kikabeba masanduku. Stoichkov akaenda Barcelona, Kostadinov akaenda Porto, Balakov akaenda Sporting ya Lisbon, Letchkov akaishia Hamburg. Trifon akaenda Real Betis, mwaka 1990. Mwaka uliofuata Betis ikashuka daraja.

Hapo ndipo unaona tofauti ya fowadi na beki. Stoichkov alienda Hispania kuokota mataji. Trifon alienda Hispania kutafuta riziki: mara amerudishwa nyumbani kwa mkopo, mara yuko Neuchâtel Xamax kule Uswisi, mara yuko CSKA tena. Mwaka 1995 akatua Vienna, akajiunga na Rapid, na msimu uliofuata wakawa mabingwa wa Austria na kufika fainali ya lile Kombe la Washindi. Walipoteza Brussels, 1-0, mbele ya Paris Saint-Germain. Mwaka 1997 akavuka mji akaingia Austria Wien, mahasimu wa Rapid. Fikiria mtu atoke Gor Mahia aingie AFC Leopards mchana kweupe. Alimalizia Floridsdorfer AC, klabu ndogo ya mji huohuo, akatundika daluga mwaka 2001. Hiyo ni miaka zaidi ya 15 ya kusimama mbele ya watu wanaokimbia kuja kukuaibisha.

Sasa njoo 1994. Kabla ya mwaka huo Bulgaria ilikuwa imeshiriki Kombe la Dunia mara tano na haikuwa imeshinda hata mechi moja. Mara tano, ushindi nunge. Tiketi ya Marekani yenyewe waliipata kwa tundu la sindano: Paris, Novemba 1993, Ufaransa wakihitaji sare tu, Kostadinov akapachika bao la pili saa ikiwa inaelekea kuisha. Wakafika Marekani, mechi ya kwanza Nigeria wakawachapa 3-0. Hapo nani angewapa nafasi? Lakini wakawapiga Ugiriki 4-0, wakawapiga Argentina 2-0, wakawatoa Mexico kwa mikwaju ya penalti, na tarehe 10 Julai, Giants Stadium, wakakutana na Ujerumani, mabingwa watetezi.

Mechi hiyo hukumbukwa kwa mambo mawili: mpira wa adhabu wa Stoichkov dakika ya 75, na upara wa Letchkov ukizama kwenye krosi dakika tatu baadaye. Sawa, mabao matamu. Lakini hebu hesabu kitu kingine. Jürgen Klinsmann alikuwa amefunga katika kila mechi ya Ujerumani tangu mashindano yaanze: Bolivia, Hispania, Korea Kusini, Ubelgiji. Mabao 5 katika mechi 4. Alikuja kwa Trifon na mwenzake Petar Hubchev akiwa na 5, akaondoka na yaleyale 5. Bao pekee la Wajerumani lilikuwa penalti ya Matthäus. Gabriel Batistuta, aliyewatia Wagiriki matatu, naye alikuwa ameshapita kwa ukuta huohuo na kutoka mikono mitupu.

Kweli, siku hiyo Möller aligonga mwamba, na Völler alipousukumiza mpira wavuni alikuwa ameotea. Beki huhitaji bahati kama sisi wengine. Na sisemi Trifon alikuwa malaika. Nusu fainali Roberto Baggio aliwafunga mawili ndani ya dakika chache, halafu Sweden wakawapa 4-0 katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu. Lakini timu ya nchi yenye watu wasiofika milioni tisa, ambayo haikuwa imewahi kushinda mechi moja ya Kombe la Dunia, ilimaliza ya nne duniani. Stoichkov akapewa Ballon d'Or ya mwaka huo, na alistahili. Trifon akapewa nini? Orodha ya sura mbaya.

Wapo wanaojifanya kumsifu: eti ile sura ndiyo iliwatisha mafowadi, ndiyo maana wakamwita Mbwamwitu wa Bulgaria. Hizo ni sifa za uongo. Klinsmann hakuwa mtoto wa kuogopa ndevu. Alikuwa bingwa wa dunia, alikuwa amecheza Italia miaka mitatu akipigwa viwiko na mabeki wa kule. Mtu kama huyo humzuii kwa kumkazia macho. Unamzuia kwa kufika mahali mapema kuliko yeye, kwa kusoma pasi kabla haijapigwa, kwa kujua lini uingie na lini usubiri. Hiyo ni akili. Ukisema ni sura, umeiba kazi yake mara ya pili, na safari hii unajiona unamsifu.

Kama hayo hayakutoshi, kuna tarehe 10 Septemba 1997. Sofia, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 1998, Bulgaria na Urusi. Bulgaria walishinda 1-0. Aliyefunga ni Trifon Ivanov.

Fanya hesabu na mimi, polepole. Baada ya mechi hiyo Bulgaria walikuwa na pointi 18 na Urusi 14, imebaki mechi moja kwa kila timu. Mwezi uliofuata wakarudiana Moscow na Bulgaria wakachapwa 4-2. Jedwali la mwisho likasoma Bulgaria 18, Urusi 17. Sasa ondoa lile bao la Trifon. Mechi ya Sofia inakuwa sare: Bulgaria 16, Urusi 15. Wanaenda Moscow, wanachapwa vilevile, na Urusi inaongoza kundi kwa 18. Bulgaria wanapelekwa kwenye mchujo, na hakuna ajuaye kama wangepita. Katika kundi hilo Trifon alifunga bao la kupeleka nchi nzima Ufaransa, na yeye ni beki.

Na tangu Ufaransa 1998, Bulgaria hawajarudi Kombe la Dunia. Walifanya vibaya kule, Hispania wakawapiga 6-1, hilo siwafichi. Lakini mara ya mwisho nchi hiyo kuonekana kwenye mashindano hayo, mlango ulifunguliwa na yule jamaa wa kwenye picha. Nionyeshe ni wangapi kati ya wanaocheka wanalijua hilo.

Kwa nini hawalijui? Kwa sababu tumefundishwa kutazama mpira kwa jicho moja. Tunaangalia vipande vya dakika mbili vya mabao, basi tumemaliza mechi. Wengi wetu Bulgaria yenyewe tunaijua kwa mkeka: Ludogorets, Levski, majina ya kujazia mistari usiku wakati ligi kubwa zimelala. Na mkeka haujali beki. GG inataka timu zote zifunge. Mkeka ukichanika tunamlaani kipa, tunamlaani fowadi aliyekosa. Hata ukiweka pesa kwamba mabao yatakuwa machache, unaiombea mechi ilale bila kumwona aliyeilaza. Kazi nzuri ya beki ni jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halina video.

Wakubwa nao hawana nafuu. Beki wa mwisho kupewa Ballon d'Or ni Fabio Cannavaro, mwaka 2006. Mwaka 2019 Virgil van Dijk alikuwa na msimu ambao mafowadi walikuwa wanageuka njia wakimwona, akaambulia nafasi ya pili nyuma ya Messi. Beki lazima afanye muujiza ndipo aonekane, na asipofanya muujiza, ataonekana siku atakayokosea. Au siku watu watakapoamua kuwa sura yake ni kichekesho.

Najua mtakachosema. Cha kwanza: tulia bana, ni utani tu, marehemu hasikii. Ni kweli hasikii. Trifon alifariki Februari 2016 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 50. Lakini utani una kazi yake. Unaamua nani anakumbukwa na kwa nini. Kijana wa miaka 15 leo akimjua Trifon, atamjua kwa ile picha. Baada ya miaka 20 kitu pekee kitakachokuwa kimebaki ni hicho kicheko, na tutakuwa tumekijenga sisi wenyewe, kidole kimoja baada ya kingine.

Cha pili ni kizito zaidi, na ningeshangaa mtu asipokisema. Kwani ni Bulgaria gani hii unayoitetea? Si ndio wale wa Sofia, Oktoba 2019, mechi na Uingereza, watu jukwaani wakiwapigia wachezaji weusi sauti za nyani na kunyoosha mikono kama Wanazi, hadi refa akasimamisha mechi mara mbili? Ndio hao. Rais wa shirikisho lao siku hizo alikuwa Borislav Mihaylov, kipa wa ile timu ya 1994, na kesho yake alijiuzulu. Mmoja wa waliotukanwa usiku ule alikuwa Tyrone Mings, beki, akiichezea Uingereza kwa mara ya kwanza kabisa.

Sitaki kulipaka hilo rangi nzuri. Lakini angalia wale jukwaani walifanya nini. Mings alikuwa amepanda ngazi tangu ligi za chini kabisa hadi timu ya taifa, na wao wakaamua hayo yote hayapo. Kuna ngozi tu, kuna uso tu. Uzito wa makosa haya mawili haulingani hata kidogo. Kucheka ndevu za Mzungu maarufu hakujawahi kumfungia mtu mlango wa kazi wala kumfukuza kwenye nyumba ya kupanga, na ubaguzi wa rangi unafanya hayo kila siku. Ila tabia ya kumkata mtu shingoni na kubaki na uso wake, hiyo tunaijua sisi kuliko wengi, maana tumekatwa hivyo. Ndiyo sababu inaniudhi zaidi nikiiona mikononi mwetu. Tukilitaka jambo moja kutoka kwa jukwaa la Sofia, yaani mtu atazamwe kwa kazi aliyokuja kufanya, basi tulitimize pia kwa mtoto wa Veliko Tarnovo.

Siwaombi mumwite mrembo. Nywele zile alizifuga mwenyewe na hakuna aliyemlazimisha. Ninachotaka ni kitu rahisi. Picha ikirudi, na itarudi, usibonyeze kile kikatuni cha kulia kwa kicheko. Andika hapo chini: 10 Septemba 1997. Atakayeuliza, mpe hesabu ya 18 na 17.

Halafu siku moja ukiwa na bando, tafuta mechi nzima ya Bulgaria na Ujerumani ya 1994. Dakika zote 90. Usiufuate mpira. Mfuate nambari 3, uone anasimama wapi.