Mchango usiotiwa kikapuni

Jumapili nyingi, mara tu ibada inapokwisha, huwa tunaombwa tusiondoke upesi. Kuna mgonjwa. Barua ya daktari inasomwa, kadi za mchango zinarudishwa, kikapu kinazungushwa na kila mtu anatoa alichojaliwa. Ukiuliza mgonjwa anapelekwa wapi, mara nyingi utaambiwa ni India. Kwa kutoa, Wakenya hatujambo.

Lakini kuna wagonjwa ambao hata kikapu kikijaa pomoni, bado watakuwa hawajapata wanachokihitaji. Hawa ni wale wenye saratani ya damu au maradhi mengine ya uboho, ambao daktari amewaambia kuwa tiba iliyobaki ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine. Uboho hauuzwi dukani. Ni lazima utoke kwa mtu mwenye afya, tena aliyekubali kwa hiari yake.

Hebu kwanza tuelewane. Uboho ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, ile ambayo watoto hugombania kuifyonza siku ya supu. Katika mwili wa binadamu, humo ndimo zinamokaa seli shina, chembechembe ambazo kazi yake ni kuzaa damu. Saratani ikiingia hapo, damu inayozaliwa huwa mbovu. Madaktari humpa mgonjwa dawa kali, pengine na miale, ili kuuangamiza uboho huo. Kisha humtilia mshipani seli shina za mtu mwenye afya. Seli hizo husafiri zenyewe hadi mifupani na kuanza kuzaa damu mpya. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyeianzisha kazi hii katika miaka ya 1950, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990.

Tatizo ni kufanana. Kinachotakiwa si kundi la damu kuwa moja, bali alama za tishu kuoana. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kuoana kikamilifu na mgonjwa. Siku hizi madaktari huweza pia kutumia seli za mzazi, mtoto au ndugu anayeoana nusu, lakini si kila mgonjwa aliye na jamaa anayefaa. Wengi hulazimika kumtegemea mtu wasiyemjua kabisa.

Mama mmoja aliyejua uchungu wa jambo hili ni Shirley Nolan. Mwanawe, Anthony, alizaliwa na ugonjwa wa damu ambao ulihitaji uboho wa mtu mwingine, na nyumbani hakupatikana aliyeoana naye. Mwaka wa 1974, mama huyo alianzisha jijini London sajili ya watu waliojitolea kutoa uboho kwa yeyote atakayeoana nao. Anthony mwenyewe hakubahatika. Alifariki mwaka wa 1979 akiwa na umri wa miaka 7. Hata hivyo, sajili ile haikuzikwa pamoja naye. Ipo hadi leo, inaitwa kwa jina lake, na sajili za namna hiyo kote duniani sasa zina majina ya watu zaidi ya milioni 40.

Basi sisi tuko wapi katika hesabu hiyo? Hapa ndipo penye uchungu. Alama za tishu hurithiwa, kwa hivyo mgonjwa ana matumaini zaidi ya kuoana na mtu wa asili yake. Sajili ya taifa ya Marekani inaeleza kwamba mgonjwa Mzungu ana nafasi ya asilimia 79 hivi ya kumpata mtu wa kuoana naye kikamilifu. Mgonjwa mweusi ana asilimia 29 pekee. Sababu moja ni kwamba Waafrika tuna alama za aina nyingi mno kuliko watu wengine. Sababu ya pili ni kwamba tuliojiandikisha ni wachache.

Wengi wetu huzuiwa na hofu. Utasikia kwamba mtoaji hutobolewa uti wa mgongo, au kwamba mwanamume akitoa uboho huishiwa nguvu. Si kweli. Kujiandikisha huanza kwa kupanguswa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Ukipatikana unaoana na mgonjwa, mara nyingi utadungwa sindano kwa siku chache ili seli shina ziingie kwenye damu, kisha utalazwa kando ya mashine kwa saa 4 au 5 ikizichuja. Mifupa huuma na kichwa hugonga, kisha hupoa. Wachache hutolewa uboho katika mfupa wa nyonga wakiwa wamelazwa usingizi. Mwili huurudisha katika muda wa wiki chache.

Kuna jambo moja ambalo sharti ulipime kabla ya kusema ndiyo. Mgonjwa akishapewa zile dawa kali, uboho wake umekwisha. Mtoaji akirudi nyuma siku hiyo, anaweza kumuua. Afadhali kukataa mapema kuliko kukubali mbele za watu kisha ukazima simu.

Je, wewe uliye hapa nyumbani ufanye nini? Kama una mtoto au ndugu anayeishi Uingereza, Marekani, Ujerumani au Afrika Kusini, mwandikie leo umhimize ajisajili huko, hasa akiwa kijana. Ndugu yako akiugua na hospitali ikakuita upimwe, nenda, hata kama mna kesi ya shamba. Isitoshe, wagonjwa wa saratani huongezewa damu mara kwa mara. Ukiwa mzima na una kilo 50 au zaidi, nenda kwenye kituo cha damu ukatoe. Hiyo haihitaji kuoana kwa tishu, na hakuna kisingizio cha umbali.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika maradhi haya, methali hiyo ni kweli tupu. Kuna mtu kitandani ambaye dawa yake imo ndani ya mifupa ya mgeni asiyemjua, na huenda mgeni huyo ni wewe. Jumapili ijayo kikapu kitakapokufikia, tia ulicho nacho. Kisha ukifika nyumbani, zungumza na wanao kuhusu mchango huu mwingine.