Mali Bila Daftari

Ndugu msomaji, ukipita Main Street jijini Jinja, au ukisimama karibu na mnara wa saa jijini Mbale, hutakosa kuona kibao cha biashara mpya. Maneno ya kibao hicho hayakujiandika. Huenda yalitungwa na kijana asiye na ofisi wala mwajiri, aishiye kwa kuwaandikia wengine matangazo. Je, alilipwa?

Nauliza kwa sababu ya mwanafunzi wangu wa zamani. Mfanyabiashara mmoja wa Mbale, aliyekuwa akianza kuuza kahawa ya kusaga, alimwomba amtungie maneno ya pakiti, ya kibao na ya tangazo la redio. Walipatana shilingi 600,000 kwa mdomo. “Andika kwanza, tutaelewana,” aliambiwa. Alipokabidhi kazi, bei ilionekana kubwa mno, na maneno yakaitwa hewa. Hata hivyo, hewa hiyo ingali imechapishwa kwenye pakiti.

Deni ni la mfanyabiashara, lakini uzembe ulikuwa wa wote wawili. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inaagiza kwamba mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Hata kwa kazi ya shilingi 50,000, ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Uandikeni pamoja: kazi ni ipi, itakabidhiwa lini, malipo ya awali ni kiasi gani, itarekebishwa mara ngapi bila nyongeza, na maneno yatakuwa mali ya nani. Kisha kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake.

Utasema kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana, hasa mwandishi akiwa mtoto wa jirani. Mimi naona kinyume chake. Karatasi huulinda ujirani, kwani kumbukumbu za watu wawili hazifanani siku ya kulipa.

Tajeni pia lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na dereva wa lori atokaye Mombasa kupitia Malaba hukisoma. Lakini mteja wa Jinja huenda akaguswa zaidi na Lusoga, na wa Mbale na Lumasaba. Kuandika kwa lugha tatu ni kazi tatu, si kazi moja yenye hisani mbili.

Wala usimwagize mwandishi aseme uongo. Kahawa iliyochanganywa isiitwe kahawa halisi ya Mlima Elgon. Jina lililo kibaoni ni lako, nawe ndiwe utakayeulizwa.

Ndugu msomaji, tunailaumu serikali inapochelewesha mishahara ya walimu, na tuna haki ya kuilaumu. Lakini raia anayedai haki kwa wakubwa huku akimdhulumu kijana aliyemtungia kibao, amejifunza nusu ya somo la uraia. Kabla hujafungua duka, fungua daftari. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.